Beseni la Shangazi

Jumatatu watoto kumi na mmoja wa chekechea waliharisha. Jumanne mwalimu mkuu akanivua aproni. Mpishi wa shule ni mimi, na maabara ilikuta bakteria kwenye mayai ya jikoni kwangu. Ijumaa angeamua kama nirudi jikoni au nikatafute riziki kwingine.

Nilichukia, sifichi. Jikoni kwangu sufuria unaweza kujitazamia kama kioo. Lakini zaidi ya hasira kulikuwa na swali lililoninyima raha: trei iliyobaki ilikuwa safi, mayai yanang'aa, hakuna hata moja lenye ufa. Sasa hao bakteria waliingilia wapi?

Nikaenda kwa shangazi yangu, anayetuuzia mayai. Ndiye aliyenilea, na mtaa mzima unamwita Bi Usafi.

"Karibu, mfungwa," akanitania bila kuinua kichwa; habari za aproni zilikuwa zimeshamfikia.

Alikuwa ameinamia beseni, analoweka mayai yaliyookotwa muda huohuo. Nilishika moja: bado lina joto la kuku. Maji yalikuwa baridi, na rangi yake kama chai.

"Haya umeyabadilisha lini?"

"Asubuhi. Mwisho mayai nayasuuza kwa maji safi, usiwe na wasiwasi."

Hapo nikakumbuka jambo ambalo kila mpishi huliona na kulipuuza. Ukitia yai kwenye maji ya moto, vipovu vidogo hupanda kutoka kwenye ganda. Hewa inatoka, kwa hiyo ganda lina matundu. Je, yai la moto likitiwa kwenye maji baridi, hewa ya ndani ikinywea, si litafyonza maji?

"Shangazi, nipe bluu ya kufulia."

Tulikoroga bluu kwenye bakuli la maji baridi, tukatumbukiza yai moja lenye joto. Tulikaa nusu saa tukilikodolea macho kama watu wasio na kazi, na mmoja wetu kweli hakuwa nayo. Nikalitoa, nikalisuuza, nikalipasua. Kwenye utando wa ndani kulikuwa na vidoadoa vya bluu. Tukapasua lingine ambalo halikulowekwa. Jeupe.

Shangazi alikaa chini.

"Kwa hiyo yai moja chafu linachafua maji, na maji yanaingia kwenye yote. Ni mimi."

Nilifurahi. Naona aibu kulisema, lakini moyo wangu uliruka. Nimepona.

"Na moto?" akauliza. "Moto hauwaui hao bakteria?"

"Unawaua, kiini kikiiva kikashika."

"Wewe unachemsha dakika ngapi?"

Watoto wanapenda kuchovya mkate kwenye kiini laini, na kiini changu laini ndicho kilichonipa jina pale shuleni.

"Tatu," nikasema.

"Hizo dakika ziache hapahapa. Mimi kwa mwalimu mkuu nitasema maji tu. Mayai yangu nitayatafutia wateja wengine, wewe ukishafukuzwa nani atakuajiri?"

Ijumaa Shangazi alimweleza mwalimu mkuu kila kitu kuhusu beseni, amenyooka kwenye kiti, maganda yetu mawili mezani. Mwalimu mkuu akanigeukia, akachukua aproni kwenye msumari, akaninyooshea.

Mkono wangu ulikataa kwenda.

"Na mimi nachemsha dakika tatu," nikasema. "Shangazi aliwaingiza bakteria. Mimi ndiye niliyewaacha hai."

Shangazi alinikanyaga mguu, kwa kuchelewa. Mwalimu mkuu aliirudisha aproni kwenye msumari. Kisha akachukua ganda, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja.

"Hebu nionyesheni," akasema, "hayo matundu yako wapi."

Sote watatu tukasogea dirishani.