Atakayemwimbishia Kennethina

Tormod Posta alilazimika kuingia mpaka ndani ya banda, maana mtambo wa Murdina ukishaanza kufuma hausikilizi mtu. Alisimama kando ya mafungu ya nyuzi, kofia mkononi, mvua ikimchuruzika shingoni, akasubiri. Murdina alikuwa juu ya ubao wake akikanyaga kushoto, kulia, kushoto, kulia, na dirishani redio ya kanda ilikuwa ikimpigia akodiani ya Hamish Tolmie.

"Feri haivuki," Tormod alisema alipoona miguu imetulia. "Wanasema upepo huu ni wa wiki nzima. Iain amekwama ng'ambo na jicho lake jipya."

Murdina alizima redio. Shangazi yake Kennethina alikuwa ndani ya jeneza, sebuleni kwake, nyumba chache kutoka hapo. Maziko yalikuwa kesho mchana. Na Iain, aliyekwenda Inverness kupasuliwa jicho, ndiye pekee kijijini aliyekuwa bado akijua kuimbisha zaburi kwa Kigaeli, lugha yetu ya kisiwani.

Kwetu huku zaburi haina kinanda wala kwaya. Mwimbishaji hutupa mstari peke yake, watu wakaupokea, kila mtu kwa njia yake na kwa pumzi yake, huyu mbele, yule nyuma, mpaka kanisa zima linavuma. Wakishaushusha, anatupa mwingine. Mgeni akisikia mara ya kwanza hudhani tumepotezana. Ila asipokuwepo wa kutupa mstari, hakuna cha kupokea, na zaburi haipo.

Kennethina alilijua hilo vizuri. Siku za mwisho alimshika Murdina mkono akamtaka aahidi kwamba hatatolewa kanisani kimya, wala kwa Kiingereza, lugha aliyoitumia maisha yake yote kwa daktari wa mifugo na watu wa kodi tu. Murdina aliahidi bila kusita. Alidhani anaahidi kumsumbua Iain.

"Wazee tumekaa," Tormod akaendelea. Alikuwa mzee wa kanisa, na jina la Posta alilirithi kwa baba yake aliyekuwa akipeleka barua, maana katika kijiji chenye kina MacLeod wengi namna hii jina la ukoo halimsaidii mtu kitu. "Tunaomba kanda ya baba yako."

Murdina alishuka kwenye ubao, akaenda kabatini kuitoa. Hakuipenda ile fikra, ila hakuwa na nyingine.

Uilleam, baba yake, alikuwa mwimbishaji ambaye watu walivuka kisiwa kizima kuja kumsikia. Murdina akiwa binti mdogo, watu wa redio walifika na mitambo yao wakamrekodi kanisani. Kanda ya Tolmie ilikuwa ya kufumia. Muziki wake ulikwenda sawa na miguu, na kila ulipolia Murdina aliuona ukumbi wa zamani wa dansi, sakafu imemwagiwa unga wa talki ili viatu viteleze, na kijana mmoja mwenye viatu vikubwa akimkanyaga kila wanapogeuka. Kijana huyo ni Alec, na mpaka leo ndiye mumewe. Lakini baba yake hakufaa kufumia. Akiimba, miguu ilisimama yenyewe. Kwa hiyo alikuwa akimsikiliza Jumamosi jioni, mtambo ukishatiwa mafuta, akiwa amekaa tu. Katikati ya zaburi kuna mtu anakohoa, na mtu huyo ni mama yake. Hapo Murdina hurudi utotoni, koti la mama shavuni, peremende ya mnanaa ikiyeyuka mdomoni mahubiri yakiendelea. Na juu ya sauti zote kuna moja nyembamba isiyo na haraka. Hiyo ni ya Kennethina, kabla hajazeeka.

Jioni ile watu walijaa nyumba ya msiba. Viti viliazimwa ukumbini, chai ikapitishwa na skonzi za siagi, mchungaji akasoma na kuomba. Kisha Tormod akabonyeza kitufe.

Sauti ya Uilleam ilijaza sebule, na watu wakaanza kulia hapo hapo. Mstari ulipotupwa waliupokea, tena kwa moyo. Lakini kanda ilikuwa na kanisa lililofurika, watu wenye vifua vya kuvuta nyavu na kubeba kondoo, na hawa wa sebuleni walikuwa wachache, wengi wao ni wazee. Kabla hawajaushusha mstari wa kwanza, Uilleam alikwishatupa wa pili. Wakaukimbilia. Wa tatu ukawakuta katikati ya wa pili. Alikuwa akiwasubiri watu wake, na hawa hakuwajua. Mmoja mmoja waliacha, vikombe mapajani, mpaka wakawa wamekaa tu wakiwasikiliza marehemu wakiimba.

Wengine walisema baadaye kwamba ilipendeza sana. Murdina alitazama jeneza na kuona uchungu, na juu ya uchungu huo akaona hasira. Alimfuata Tormod nje, wakasimama ukutani mahali ambapo upepo haufiki.

"Kesho kanda isiletwe," alisema.

"Kwani kumeharibika nini? Watu wamelia."

"Wamelia, hawajaimba. Mimi nilimwahidi ataimbiwa."

"Lakini yumo mwenyewe ndani ya kanda, Murdina. Nimeisikia sauti yake."

"Hata mimi nimeisikia. Sasa umeona wapi mtu akajiimbia maziko yake?" Alifunga koti mpaka shingoni. "Nitaimbisha mimi."

Tormod alitazama upande wa bahari muda mrefu, kana kwamba feri ingemwonea huruma ijitokeze.

"Sisemi ni dhambi," alisema mwishowe. "Nasema haijawahi kufanyika. Mwanamke kwenye kiti cha mwimbishaji?"

"Kiti sikitaki. Nitakaa na watu, pale ninapokaa siku zote. Na mambo mengi hayajawahi kufanyika hapa, Tormod. Hata wewe hujawahi kumnunulia mtu chai."

Hakucheka. Alimweleza polepole, kama mtu anayemtakia mema, kwamba wapo watakaofunga midomo. Mchungaji ni mgeni, amewaachia wazee waamue, na wazee hawatamzuia mfiwa kwenye msiba wake, lakini kutomzuia si kumpokea. "Ukitupa mstari usipokelewe, shangazi yako atatoka kimya mbele ya watu wote. Na wewe utabaki kuishi nao."

"Najua."

"Utafanyaje?"

"Nitatupa wa pili."

Asubuhi yake mtambo haukuguswa. Siku ya maziko hakuna anayefanya kazi kwetu. Murdina aliingia bandani, akakaa kwenye ubao wake, miguu juu ya vikanyagio kwa mazoea, akajaribu. Zaburi ile aliijua kuliko njia ya kwenda kwake, lakini kuijua kwa masikio si sawa na kuitoa kifuani. Sauti ilikwaruza. Alirudia. Ilipanda, ikavunjika huko juu. Akarudia tena, amekunja uso kama anayetafuta uzi uliokatika.

Alec alikuja na chai, akasimama mlangoni. Hakusema kwamba wazo ni zuri au baya. Walikuwa wameoana muda mrefu mno kwa maswali ya namna hiyo.

"Umeanza juu," alisema. "Hapo utatuacha wanaume tukining'inia."

"Wewe unajua nini? Kazi yako kukanyaga watu miguu."

"Ninajua mahali nitakapoishiwa mimi."

Murdina alikunywa chai yote kwanza. Kisha akaanza chini zaidi.

Mchana upepo ulikuwa bado unagonga madirisha ya kanisa. Kiti cha mwimbishaji, chini ya mimbari, kilikuwa kitupu, na kila aliyeingia alikitazama. Murdina alikaa na Alec ubavuni, wazee wa kanisa mbele yao. Mchungaji alisoma zaburi, akafunga kitabu, akaketi, asimtazame mtu.

Murdina aliogopa. Aliikalia mikono. Kisha akatupa mstari.

Hakuisikia sauti ya baba yake mle. Ilikuwa yake, kavu kidogo, na ilikwenda moja kwa moja. Ilipoisha, hakuna kilichofuata. Benchi moja lilitoa mlio. Halafu mtu mmoja akapokea, naye ni Alec, ambaye hajawahi kuimba vizuri hata siku moja. Waliufikisha mwisho wawili hao, mume na mke, kanisa zima likiwasikiliza.

Akatupa wa pili.

Safari hii kupokea kulianzia nyuma, kwa wanawake. Ilikuwa sauti moja, kisha kama tatu, zikitambaa. Mwanamume mmoja upande wa ukutani akaingia kwa sauti nzito chini ya zao, na mwenzake akamfuata. Tormod Posta hakugeuka. Murdina aliiona shingo yake tu, imekuwa nyekundu, na hakuweza kujua kama mdomo wake unatembea.

Alitupa wa tatu, nao ukapanda. Wengine walikuwa wamekwishafika juu, wengine wakipindapinda bado njiani, na mbao za benchi alilokalia zilivuma kidogo. Kisha wakaanza kushuka, mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake. Tayari alikuwa na mstari wa nne mdomoni, na hofu ilimsukuma autupe upesi, kabla ule ukimya haujarudi.

Hakuutupa. Huko nyuma kabisa kulikuwa na sauti moja iliyosalia, ya mzee ambaye hakuweza kumtambua, ikishuka kidogo, ikipumzika, ikishuka tena. Jeneza lilikuwa mbele, watu wote wamenyamaza, na Murdina alikaa na pumzi yake kifuani, akimngoja afike.