Kilima cha Bomba Limefika?

Jumanne saa tatu asubuhi Mzee Tokuji alikuwa anatundika figili chini ya paa zikauke, Bwana Kurahashi wa ofisi ya mji alipopanda na nguzo ya kibao begani. Kibao kiliandikwa Kilima cha Maua ya Cheri. Hapo hapakuwa na mcheri hata mmoja.

"Mzee, hiki kilima hakina jina kwenye ramani," alisema Kurahashi. "Wakubwa wamelipenda hili."

"Wakubwa hawajawahi kupanda hapa. Wamelipendea wapi?"

Katika kijiji cha Onizawa majina huletwa na wafu. Marehemu hurudi mahali pake, husema neno lake lile lile, na wakishamjibu watu watatu wasio ndugu zake, hilo ndilo jina la mahali hapo. Ndiyo maana shamba la mpunga la chini linaitwa Chumvi Imezidi. Daraja nalo liliitwa Umefunga Mlango?, kwa neno la mama yake mwalimu Hikosaka, mpaka ofisi ilipolibandika jina la Daraja la Urafiki. Tangu siku ile yule mama hakuonekana tena.

Fusae, mke wa Tokuji, alifia kwenye mteremko huu na mti wa ndoo mbili za maji begani, mwaka wa kumi na moja tangu ofisi iahidi bomba la maji. Huja kila siku saa nne. Walishamjibu wawili: Bibi Shige, jirani, na mleta barua. Wa tatu hakupatikana. Wengine wote waliobaki kijijini ni ukoo wake.

Kurahashi alianza kuchimba shimo. Figili ilivunjika mkononi mwa Tokuji.

"Ngoja hata saa nne ifike, mwanangu. Nakuomba."

"Nina vibao vingine sita, mzee."

Kurahashi alikuwa anashindilia udongo Fusae alipotokea, anahema. Aliteremsha ndoo, akajifuta jasho, akamtazama mgeni.

"Bomba limefika?"

Watu wa ofisi wamefundishwa kutosikia. Lakini wamefundishwa pia kumwinamia mlalamikaji, na mgongo wa Kurahashi ukawahi kuliko akili yake. Aliinama mpaka kofia ikaanguka.

"Samahani sana, mama. Bado. Liko kwenye mpango wa mwakani."

"Amejibu huyo!" Bibi Shige alipiga kelele kutoka uani kwake. "Tokuji we, watatu!"

Rangi ya herufi za kibao ilihama polepole, ikatulia kwenye Kilima cha Bomba Limefika? Kurahashi alikisoma, akatoa fomu yake.

"Na alama ya kuuliza niiweke?"

"Iweke."

Alipokwenda zake, Tokuji aliketi kizingitini. Fusae aliketi kando yake, akazikagua figili.

"Umezibananisha. Zitaoza hizo."

"Nitazipanga upya."

"Kesho nitaziangalia," alisema, akajitwika ndoo zake, akaondoka.

Maji ya marehemu hayaivishi wali. Tokuji alichukua ndoo yake, akashuka ngazi mia mbili na kumi na nne kwenda mtoni, akipiga mluzi.