Mkono Ulioitwa na Mapigo ya Sumaku

Ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri, na manyunyu yalikuwa yakianguka. Fundi seremala alilala kwenye kitanda cha kliniki, kigutu cha mkono wake wa kulia kikiwa ndani ya kitanzi cha mashine iliyotuma mapigo ya sumaku kwenye mishipa ya fahamu. Msumeno wa karakana ulikuwa umeuchukua mkono huo mwaka uliopita, lakini vidole vyake bado vilimuuma. Mtaalamu wa tiba hiyo alisimama kwenye mashine, na mkewe fundi alikaa kando yake. Kaka wa mkewe, msimamizi wa karakana, ndiye aliyewaleta.

"Mtu anafungua kinga ya msumeno mwenyewe, halafu anaugulia," mke alisema, kama alivyosema kila siku. "Na uzembe, daktari, una mashine yake?"

"Sikuifungua," fundi alisema.

"Basi ilijifungua?"

"Mwache shemeji yangu," msimamizi alisema kwa upole. "Yameshapita."

Maumivu fundi angeyavumilia. Alichotaka ni mkewe amwamini.

Mtaalamu alipoongeza nguvu ya mapigo, mlango uligongwa. Mpokezi alifungua. Mkono ulikuwa umesimama kwa vidole vyake kizingitini, umelowa, unga wa mbao umejaa kwenye kucha.

"Una miadi?" mpokezi aliuliza.

Mkono ulimpita.

"Siku hizi mimi hapa ni pambo tu," alinung'unika, akaenda kutafuta taulo.

Mkono haukwenda kwa mwenyewe. Ulipanda mguu wa msimamizi, ukaingia mfukoni mwa koti lake la kazi, ukatoa bolti za kinga ya msumeno na kuzipanga sakafuni.

"Oda ilikuwa kubwa," msimamizi alieleza. "Kinga inachelewesha mbao. Nilikusudia kuzirudisha."

Mke alizitazama bolti, kisha kaka yake, kisha mumewe. Aliinama, akaziokota moja moja.

"Shika vitu vyako, kaka," alisema. "Na mama asisikie. Ana presha."

Mtaalamu alizima mashine na kumwambia mgonjwa kwamba matibabu yamefaulu. Msimamizi alirudi karakanani, akamweka mtu mpya kwenye msumeno uleule, bila kinga. Mkono ulisafiri hadi nyumbani kwenye mapaja ya fundi. Jirani alipouliza habari za mgonjwa, mke alijibu kwamba anaendelea vizuri, ila uzembe ndio uliomponza. Fundi alimsikia, lakini alijua kwamba sasa mkewe anaujua ukweli. Aliingia ndani, na kwa mara ya kwanza tangu ajali, akalala fofofo.