Boga Lililooneshwa Kidole

Katika mtaa ule wa Kasongo nyumba za ghorofa zilikuwa mbili, na ya Sumaili ndiyo pekee ambayo roshani yake ilimea maboga.

Hakuyapanda yeye. Yalikuwa ya mpangaji wake wa juu, Mwalimu Albertine, aliyefundisha biolojia miaka thelathini na mmoja, kisha akastaafu kwenye shamba lake huko Lusangi. Shamba hilo lilidumu hadi mtu alipookota chembe ya dhahabu kati ya mihogo. Baada ya miezi miwili yalibaki mashimo, na wachimbaji waliomshauri, kwa adabu zote, akalime kwingine. Albertine aliamua kulima mahali ambapo hakuna atakayechimba chini yake. Roshani ilitimiza sharti hilo.

Alipandisha ngazini pipa la mafuta lililokatwa nusu mbili, mabeseni manne yaliyotoboka, udongo na samadi ya mbuzi. Majani yakawa mapana kama sinia. Lakini kila kiboga kilipofikia ukubwa wa limau kiligeuka manjano, kikaoza. Vitatu vilikwisha kwenda hivyo.

Mtaa ulijua sababu. Boga changa halioneshwi kidole, litaoza. Anayelazimika kulionesha hukunja ngumi. Nao wapita njia walitazama juu mchana kutwa, wakanyoosha vidole.

"Mama, funika na liputa," alishauri Rosine, jirani wa chumba cha pili, akivuta ncha ya kitenge alichojifunga. "Vidole ya watu iko mingi."

"Na liputa litaita nyuki?"

Kwa maana asubuhi tatu mfululizo Albertine alikaa kando ya maua akihesabu wageni: nzi wawili na sisimizi aliyepotea. Nyuki hawakupanda ghorofani. Asubuhi ya nne alichuma ua dume, akalivua petali, akalisugua ndani ya ua jike kabla halijafunga. Hakumweleza mtu.

Siku tatu baadaye Sumaili alipanda kutoka katika duka lake la vitambaa.

"Mwalimu, mi nilijenga nyumba ya etaji, sikujenga shamba. Watu wananiuliza siku gani utapandisha mbuzi."

"Samadi yake imetangulia, Baba Aziza."

"Ijumaa mapipa ishuke."

"Sina shamba lingine." Albertine aligusa kiboga kilichokuwa sawa na yai la kuku. "Hiki hapa. Kikioza, nitayashusha mwenyewe. Kikikomaa, yanabaki, nawe husemi tena neno."

Sumaili alikubali upesi mno. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, akakielekezea kiboga kidole kwa umbali wa shubiri moja, akaushikilia mkono hapo.

"Yooo!" Rosine alipiga kelele. "Baba Aziza, unakiua mbele ya mwenyewe!"

"Ongeza cha kushoto," alisema Albertine, "usije ukadai hukupewa nafasi."

Sumaili akaongeza cha kushoto.

Kila Ijumaa baada ya sala alipanda tena, eti kukagua paa. Kiboga kikawa ngumi, kikawa kichwa, hata mmea ukalemewa. Albertine akakibeba kwa liputa kuukuu alilofunga kwenye nondo za roshani. Wiki ya tano, mvua ziliponyesha siku nne, doa la kahawia lilitokea ubavuni. Sumaili aliliona, akashuka kwa mwendo mwepesi. Albertine hakuogopa kidole. Aliogopa kuvu, ambayo haijali nani ameshinda hoja. Aliondoa liputa lililolowa, akafunga kavu, akawa analibadilisha asubuhi na jioni. Doa likakauka, likabaki kovu.

Wiki ya tisa kikonyo kilikauka kikawa kigumu kama mti, na ukucha haukuweza tena kutoboa ganda. Albertine na Rosine walilishusha boga kwa mikono minne. Sumaili aliligonga kama anayebisha hodi.

"Limekomaa," alisema hatimaye.

"Basi tuendelee," alisema Albertine. "Kwenye kona kuna jingine changa, limeanza juzi. Lioneshe."

Sumaili aliinua mkono. Rosine aliacha kufagia. Mkono ulikaa hewani, kisha vidole vikajikunja kimoja kimoja hadi vikawa ngumi, na kwa ngumi hiyo akaelekeza kwenye kona.

"Lile pale?"

"Lile."

"Lile litataka pipa kubwa zaidi."

"Lipo moja nyuma ya duka lako," alisema Albertine. "Shika upande mmoja, tulipandishe."