Maji ya Kwanza

...na sasa anasema alikuwa nguzo ya parokia, nguzo, mwenyekiti huyu ambaye waumini humwita Kwa Ufupi kwa sababu hajapata kufupisha neno tangu akabidhiwe kipaza sauti, nguzo haikaribishwi mezani, mheshimiwa, nguzo husimama ikabeba paa wenzake wakila, na ndivyo alivyokuwa mama yangu katika kanisa hili hili, benchi la nyuma karibu na mlango, lakini hilo wewe hulisemi, utalisikia kwangu, utakaponiita kutoa shukrani za familia nitasimama, nitakohoa mara moja kama nilivyokuwa nikikohoa pale masjala kabla ya kusoma waraka mbele ya mkurugenzi, nami nitatamka, mbele ya jeneza lake na mbele ya yule paroko mstaafu aliyeketishwa pale altareni... amesinzia, mtazame, kidevu kimelala kifuani kama cha mtoto aliyeshiba... nitatamka kwamba yeye ndiye aliyemnyima komunyo mama yangu tangu alipoolewa na baba hadi baba alipofukiwa, kisa baba alikuwa amefunga ndoa ya kanisa ujanani na mwanamke mwingine, mwanamke aliyemkimbia kabla shuka za harusi hazijachuja rangi, akavuka mpaka asirudi, lakini alikuwa hai, na maadamu alikuwa hai huko aliko, mama yangu, aliyekuwa akipika, akiuguza na kuzaa, aliitwa mwenye kuishi katika dhambi... hakukosa misa ya asubuhi, anasema Kwa Ufupi, kiangazi wala masika, naam, hakukosa, alikuja kuwatazama wengine wakila, na sitaisahau Jumapili ya Pasaka, tarehe 6 Aprili 1969, siku ya komunyo yangu ya kwanza, kila mtoto na mama yake wakienda mbele bega kwa bega, mimi nilishikwa mkono na shangazi, niligeuka, nikamwona mama benchini amekaa wima, magoti pamoja, akinipungia kwa vidole viwili tu, na hostia, ule mkate mwembamba, ikanigandia kwenye kaakaa kama karatasi ya bahasha... na bado walimtumia, ndiyo, vitambaa vya altare alivifua yeye, vile vyeupe padre anavyofutia kikombe cha divai takatifu, maana mikono yake waliiona safi, ulimi tu ndio waliouona mchafu, na vitambaa vile vina sheria yake, maji ya kwanza hayamwagwi mferejini, yamebeba masalio ya kile kilichokuwa kikombeni, humwagwa juu ya udongo safi mahali pasipokanyagwa, nami nilikuwa nikimsindikiza kila Jumatatu, nikimwona nyuma ya sakristia, chumba cha vyombo vya misa, amenipa kisogo, ameuelekea ukuta, ameinamia beseni jeupe, mabega yakitikisika kidogo, kisha anajifuta uso kwa upindo wa nguo na kusema twende, analia, nilijiambia, mama yangu analia juu ya maji machafu ya watu hawa, na hapo chuki ikaota mizizi, hata nilipoanza kazi, Januari 1980, nikala kiapo kwamba meza asiyokaribishwa mama mimi siisogelei, na sijaisogelea, nimefunga harusi, nimebatizisha watoto, nimestaafu, ulimi wangu haujaigusa hostia tena, na mama aliniuliza mara moja tu, mwanangu huendi mbele, nikamjibu siendi mpaka uende wewe, akanitazama kama mtu anayetaka kucheka msibani... anatajwa baba sasa, marehemu mumewe mpendwa, ajabu, leo ni mume... baba alizikwa Oktoba 1994, na Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 27 Novemba, yule yule paroko akamwita mama mezani, mlango uliofungwa miaka yote ukafunguliwa kwa ufunguo wa jeneza, waumini wakalia, na katekista akamshika mkono pale nje, akamwambia, mama, pole kwa njaa ya miaka yote hiyo, naye mama akauliza, njaa ya nani, wakacheka, wakasema mnyenyekevu huyo, mimi nikasema moyoni, mnyonge huyo, wamemfinyanga mpaka hajui kwamba alidhulumiwa... kwa ufupi ndugu zangu, anasema mwenyekiti, basi bado sana... binti yangu ananigusa kiwiko, anataka kujua nitasema nini, namnong'oneza ukweli, kwamba bibi yake alishindishwa njaa humu ndani, naye anaivuta leso yake, kisha anasema, polepole, Baba, usimsingizie bibi, kumsingizia nini, namuuliza, na anasema, aliniambia mwaka juzi nilipoanza kumsaidia kufua, yale maji ya kwanza, baba, alikuwa anachota kiganjani, anakunywa, ndipo anamwaga yaliyobaki, kila Jumatatu, tangu ujana wake, akaniambia, "Walifunga mlango wa mbele, mimi nikapitia jikoni," akacheka mpaka meno ya bandia yakamponyoka... mabega yale, basi, mabega yale hayakuwa yakilia, yalikuwa yakimeza... na mimi, mbona mimi hakuniambia, mtoto wake wa kumzaa, nasikia sauti yangu ikiuliza, na binti anasitasita, anasema, alisema wewe ungemwandikia askofu barua... na ningemwandikia, kweli, yenye kumbukumbu namba na nakala tatu, bibi kizee huyu alinijua, alinijua akaniacha, alikuwa ameshiba akaniacha nimfungie, mtu na mama yake, nikakaa na njaa kwa niaba ya mtu aliyekuwa anakula, na lile jicho la kutaka kucheka, ndilo hilo, alinionea huruma au alinicheka, sitajua, jeneza limeshafungwa... wamehamisha kikombe sasa, kitambaa kimelala juu ya altare, kina doa dogo jekundu, Jumatatu binti yangu atakifua, sijamuuliza kama naye... sitamuuliza... paroko bado amesinzia, mzee wa watu, hajui kwamba alizungukwa maisha yake yote na mwanamke mwenye beseni, nikisimama nikalisema hili nitamfurahisha nani, nisiposimama nimekuwa na hasira ya nini, na ya nani, maana yeye hakunituma... na kwa ufupi kabisa, anasema Kwa Ufupi, akigeuza ukurasa, njaa ya nani, aliuliza mama pale nje juani, akanitazama mimi wakati akiuliza, mimi, si katekista, akanitazama mimi...