Mkono wa Madame Hulda

Saa mbili asubuhi, siku ya Alhamisi, wanafunzi ishirini na watatu wa chuo kimoja cha sanaa kule Kimemi, Butembo, walikuwa wanachora kichwa cha plasta kwa makala, yaani makaa ya jikoni. Kichwa chenyewe ni cha Mzungu fulani mwenye pua iliyonyooka. Jina lake hakuna anayelijua, na wala hakuna aliyewahi kuuliza. Mwalimu wao, Madame Hulda, alipita kati ya meza akisahihisha. Desturi ya chuo ni hiyo: mwalimu hapotezi maneno, anachukua makala na kupitisha mstari wake juu ya mstari wako.

Ukishasahihishwa, mkono wako wa kuume unageuka kuwa kama wake. Basi darasani kulikuwa na mikono ishirini na miwili ya aina moja, minene, yenye nywele kwenye vidole na kovu la kisu kwenye gumba. Na usidhani ni ya Hulda hasa. Ni ya mzee aliyemfundisha yeye, marehemu sasa. Mume wa Hulda alishauzoea mkono huo. Wazazi nao walinung'unika kidogo, eti binti hamenyi tena ndizi vizuri, kisha wakaacha. Watafanya nini, masomo ni masomo.

Wa ishirini na tatu alikuwa Bénie. Alikosa masomo wiki tatu za mwanzo kwa sababu kaka yake mkubwa, Kitsa, aliuawa kwenye barabara ya Beni, na mwili haukurudi.

"Madame, minaomba usiguse karatasi yangu," alisema. "Kwetu hakuna picha ya Kitsa hata moja. Mama anangojea nimuchore kwa matanga ya Jumamosi. Sura yake iko mu mukono huu tu."

"Pole sana, mutoto yangu. Sitagusa." Hulda alisema kweli kabisa. "Lakini maliza kwanza kichwa, jury ya mutihani ni kesho. Kisha utachora yaya yako Kitsa."

Mezani kwake kulikuwa na fomu ambayo uongozi unaidai kila mwaka: Tafakari ufundishaji wako. Ungebadilisha nini? Nafasi ni mistari minne. Hulda aliandika, "Ningeweka makala chini." Alijikasirikia, nami simlaumu, ila jamani, hasira ya kwenye fomu humfikisha mtu wapi?

Saa tano Bénie alikuwa amemaliza. Sikio la kichwa alichochora lilikuwa limepanda kidogo. Hulda alisimama nyuma yake akiyawaza yale aliyoyaandika, na huku anawaza, mkono ukachukua makala ukalishusha sikio. Mstari mmoja tu.

Bénie aliutazama mkono wake ukinenepa. Akakunja vidole, akakunjua.

"Aksanti, madame," akasema, kwa kuwa ndivyo inavyosemwa.

Ijumaa jury, lile jopo la watahini, ilitoa pongezi. Mkuu wa idara, bwana Timothée, aliifuta sentensi ya Hulda kwenye fomu, akaandika kwamba mbinu yake inaleta umoja.

"Bote banachora sawasawa," alisema. "Ni kazi muzuri."

Jumamosi Hulda alifika Alimbongo, kwa kina Bénie, kwenye matanga. Picha ilikuwa tayari. Mkono ulikuwa umechora unachokijua, kichwa cha plasta, na chini yake jina la Kitsa.

"Huyu ni nani?" mama akauliza.

"Ni Kitsa, mama," Bénie akajibu.

Mama aliitundika, kwa sababu wageni walikuwa wanaingia na ukuta ulikuwa mtupu. Akalia mbele yake, kwanza kwa adabu, kisha kwa uchungu wake wote. Ilipofika saa nane alikuwa anawaambia majirani kwamba ile pua mwanawe aliirithi kwa babu yake. Majirani wakakubali. Bénie aliinama akiosha sahani.

Kisha mama akamgeukia Hulda.

"Aksanti, madame. Umemufundisha muzuri."

Hulda aliitikia, akaomba maji ya kunawa. Jumatatu alikuwa na darasa jipya, watu ishirini na sita.