Mgonjwa wa Kitabuni

Fundi cherehani alikuwa na daftari lake la vitabu. Akimaliza kitabu, kabla hata hajakirudisha kwenye kabati la kanisa, anaandika humo kilivyomgusa, bila kumung'unya maneno. Cha mhubiri fulani aliandika: "Mtumishi huyu ana maneno mengi kuliko habari." Kilichofuata alikipenda mpaka akaunguza kola ya shati la mteja.

Cha safari hii ndicho kilichomponza. Ilikuwa hadithi ya mama mgonjwa, aliyekosana na dada yake, sasa yuko kitandani anamsubiri. Alhamisi moja, kwenye maombi ya kina mama, fundi alipoulizwa ana hitaji gani, ulimi ukamponyoka: tumwombee mama mmoja mgonjwa, dada yake aje wapatane. Kabla hajasema ni wa kitabuni, wenzake walishapiga magoti. Jamani, ungekuwa wewe ungewainua?

Wakamwombea wiki tatu. Mkunga mstaafu, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alifunga siku mbili nzima, na vidonda vyake vya tumbo. Kila wakionana anauliza, mgonjwa wetu anaendeleaje? Fundi anajibu, yupo yupo tu. Na kweli alikuwepo, maana kurasa zilikuwa hazijaisha.

Jumatano moja kurasa zikaisha. Fundi akaandika kwenye daftari: "Nimemkasirikia mtunzi. Mtu huyu tumemwombea sana." Akalia mpaka miwani ikawa haina kazi.

Kesho yake asubuhi mkunga akapita kwenye chumba cha kushonea, amechangamka kuliko siku zote. Akakaa juu ya furushi la sare za shule, akaeleza kwamba yale maombi yamemgeukia mwenyewe. Ana dada yake mkubwa, wamenuniana miaka tisa tangu walipomzika mama yao, na sasa dada huyo presha imemlaza. Jana alimpigia simu. Jumamosi anakwenda kumwona.

Fundi akawaza. Akinyamaza, atakuwa amemdanganya mtu anayempenda kuliko ndugu. Akisema, mwenzake ataona imani yake imechezewa, na hiyo safari huenda ikafa. Akaacha kukanyaga cherehani.

"Mwenzangu, yule mgonjwa hayupo. Yumo kitabuni. Nilishindwa kuwaambia. Nisamehe."

Mkunga akauliza, "Nimeshinda na njaa kwa ajili ya mtu wa kitabuni?"

"Ndiyo."

Fundi akasubiri asemwe, na alijua anastahili. Lakini mkunga alitazama chini, akapangusa pangusa magoti yake kama mtu anayetafuta kitu. Kisha akauliza, dada mtu alifika?

"Alifika. Akakuta wameshamzika."

Pasi ya mkaa ilikuwa inapoa mezani na hakuna aliyeigusa. Mkunga akasimama, akakung'uta nyuzi kwenye gauni lake.

"Jumamosi ni mbali," akasema. "Naenda sasa hivi."

Akainama kufunga kiatu, akashindwa. Mikono ile iliyopokea watoto wa mtaa mzima, kila ikishika kamba inaiachia. Fundi akapiga magoti, akamfungia kimoja, akamfungia na cha pili. Halafu akatafuta ufunguo, akafunga mlango, wakaondoka wote wawili.